Ndoa Si Dawa ya Kumponya Binti



Leo nasema na wazazi wenye mabinti, hasa ninyi wa Mwingi, Kyuso na Migwani, ambako siri ya nyumba hufika sokoni kabla jua halijatua. Tuseme binti yako amemaliza kidato cha nne. Umeshika simu yake, ukasoma aliyomwandikia msichana mwenzake, na si maneno ya urafiki wa kawaida. Ni mapenzi, tena ya kwanza, yale yanayomnyima mtu usingizi. Miguu yakuisha nguvu. Wazazi wengi hapo huwaza jambo moja tu: apatikane mwanamume upesi, mbuzi wa ntheo waletwe, mambo yaishe kabla watu hawajajua.

Nakuomba usimame hapo hapo.

Mafundisho ya Kanisa unayajua: ndoa ni ya mume na mke, na matendo ya mapenzi kati ya watu wa jinsia moja Kanisa haliyakubali. Lakini Katekisimu, namba 2358, yaagiza watu wenye mwelekeo huu wapokewe kwa heshima, huruma na upole, wala wasibaguliwe isivyo haki. Wengi wetu tumeishika namba 2357 kwa mikono miwili, inayofuata tukaiacha.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe. Kinachoifunga ni ridhaa ya wale wawili, na hakuna awezaye kuitoa kwa niaba yao, si baba, si mjomba, si padre. Kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu, au kwa hofu kubwa iliyotoka kwa mwingine, ni batili, hata kama mwingine huyo hakukusudia kutisha. Soma tena hayo ya mwisho, mama. Huenda hukumpiga. Huenda ulilia tu kila usiku ukisema utakufa kwa aibu, mpaka akaona hana mlango wa kutokea ila kuolewa. Hiyo nayo ni hofu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo yataka wawili waliotimiza miaka 18, na ndoa isiyo na hiari haiihesabu kuwa ndoa.

Na yule kijana utakayempa? Naye ni mtoto wa mtu. Atakaa miaka akijiuliza amekosa nini.

Watu husema mambo haya yametoka Ulaya. Wengine hujibu kwamba Ukambani tuna iweto, mwanamke anayeolewa na mwanamke. Wote wanachanganya. Mwanamke asiye na mtoto humtolea iweto mahari ili azae, kwa mwanamume, watoto wa kuendeleza nyumba. Ni mpango wa uzao na urithi. Iweto haiwatetei wasichana hawa, wala haiwahukumu.

Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ilipigwa marufuku nchini. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba. Watu walibishana sana juu ya marufuku hiyo, lakini la kutazama mle ni wazazi. Wasichana wanapigwa na umati. Mama yake Kena anampeleka akaombewe kama mwenye pepo. Ziki anasafirishwa London. Baba yake Kena, ambaye anagombea kiti na ana mengi ya kupoteza, anasimama na mwanawe. Binti huyo ana mtu wa kumrudia nyumbani.

Neno moja kuhusu yule msichana mwingine. Usikimbilie kwa chifu wala kwa mwalimu mkuu, wala usilipeleke jina lake kwenye jumuiya likaombewe. Utakuwa umemweka mtoto wa mwenzako hatarini, na maombi hayo yatageuka umbeya kabla ya chai kunywewa.

Kabla ya matangazo ya ndoa, paroko huongea na kila mchumba faraghani na kumwuliza kama amekuja kwa hiari yake. Binti yako akisema hapana, padre hawezi kuendelea, hata kama ng'ombe wameshaingia bomani mwako na hema limekodishwa. Afadhali umwulize wewe kwanza, jikoni, mkiwa wawili tu, na unyamaze mpaka amalize kujibu.