Kuvaa na Kuvika



Neno "leso" tulilipata kwa Wareno, na lugha yao ingali inasemwa na jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Sisi tuliozeeka katika kazi ya ualimu tunapenda leo tulitazame neno lao jingine la mavazi, yaani "vestir".

Neno hilo lina kazi mbili. Mtu akivaa shati, ni "vestir". Mama akimvika mtoto, ni "vestir" lile lile. Mtu akijivika mwenyewe, huongeza kijineno "se": "vestir-se". Kiswahili chetu kimezitenga kazi hizo: anayevaa hutumia mikono yake mwenyewe, anayevikwa huhudumiwa na mikono ya mwingine.

Sasa tufungue Maandiko. Katika Mwanzo sura ya 3, Adamu na mkewe walijishonea majani ya mtini. Hiyo ndiyo "se" ya kwanza, nayo haikuwatosha, kwa maana walijificha vile vile. Ndipo Mungu mwenyewe akawafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Katika Luka sura ya 15, baba hakumwambia mwanawe aende kwanza akabadili matambara yake; aliwaagiza watumishi wamvike vazi lililo bora. Kwa hiyo, Mtume Paulo anapotuagiza tumvae Kristo, tukumbuke kwamba tunavaa tulichopewa. Hakuna aliyejishonea neema.

Ndugu, neno hili linatugusa hapa hapa Songea. Askofu anapokuja kutoa kipaimara, hutokea mzazi akamzuia mtoto nyumbani kwa kukosa nguo nyeupe. Mtoto amejifunza katekisimu, anaijua Imani na Amri Kumi, lakini anakosa kuwekewa mikono kwa ajili ya gauni! Je, aibu hiyo ni ya mzazi? La, ni yetu sisi tuliokwisha kuvaa. Nguo nyeupe ni desturi njema, lakini isiwe mlango wa kumfungia mtoto nje.

Basi, mwenye gauni au shati jeupe lililokaa sandukuni alitoe. Mwenye cherehani ashone. Mwenye sabuni afue. Na tupeleke kwa siri, mtoto asije akanyoshewa kidole kanisani. Mathayo sura ya 25 yatufundisha kwamba Bwana hatatuuliza tulivaa nini, bali tulimvika nani.

Yeye aliyetuvika katika Ubatizo atupe mikono ya kuvika wengine. Amina.