Mfalme Mwanga na Bunduki za Waumini



Katika miaka ile ambayo Msiri alitawala Bunkeya, misafara ilichukua pembe za ndovu na shaba ya Katanga hata pwani ya mashariki, nayo ikarudi na nguo, baruti na bunduki. Wafanya biashara wa pwani walifika pia Buganda, nchi iliyo kaskazini ya ziwa Viktoria. Huko mwaka 1884 kijana mmjoa, jina lake Mwanga, alirithi kiti cha baba yake Mutesa. Watu wake walimwita Kabaka, maana yake mfalme. Habari za mfalme huyo zinafaa kusikilizwa na kila mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo.

Siku zile dini tatu zilikuwa zimeingia Buganda: Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki. Vijana wengi wa nyumba ya mfalme walijifunza kusoma na kusali. Mwanga aliona kwamba vijana hao wanamtii Mungu aliye juu ya wafalme wote, akaingiwa na hofu. Jibu lake la kwanza likawa kuua. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mshauri wake mwaminifu. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto huko Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Hawakuwa na mkuki wala bunduki. Ishirini na wawili kati ya wafiadini wa Uganda, ambao walikuwa Wakatoliki, waliandikwa katika hesabu ya watakatifu na Papa Paulo VI, tarehe 18 Oktoba 1964.

Je, moto ulizima dini? La, wasomaji waliongezeka. Ndipo mfalme alipogeuza shauri. Mwaka 1887 aliunda vikosi vya vijana, akawapa bunduki, akaweka Wakristu na Waislamu kuwa wakubwa wao, ili awatumie dhidi ya watemi wazee. Tazameni basi: wale aliowaua jana kwa sababu ya sala, leo amewapa silaha. Na vijana waliopewa silaha wakajifunza kiburi, wakawaonea raia.

Mwaka uliofuata mfalme aliwaogopa vijana wake mwenyewe. Akapanga hila: awapeleke ng'ambo katika kisiwa cha ziwa, awaache huko wafe kwa njaa. Siri ikajulikana. Walipoitwa kupanda mitumbwi walikataa, na mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristu wakaungana, wakashika bunduki zile zile, wakamfukuza mfalme wao.

Hila ya Mwanga ilikuwa mbaya, na watu wale walikuwa na haki ya kuponya maisha yao. Lakini angalieni mambo yaliyofuata. Walimweka Kiwewa kuwa mfalme, wakagawana vyeo kwa kuhesabu dini. Hata mwezi mmoja na nusu haukupita, Waislamu waliwafukuza Wakristu. Kiwewa alipokataa kutahiriwa, naye aliondolewa, akawekwa ndugu yake Kalema. Kalema kwa kuogopa kunyang'anywa kiti aliwaua ndugu zake wa damu ya kifalme, hata Kiwewa mwenyewe. Kila aliyepata nguvu kwa bunduki alimwogopa mwenye bunduki wa pili.

Na Mwanga alikuwa wapi? Alikimbia kwa mtumbwi mpaka kusini ya ziwa. Huko alishikwa na wafanya biashara Waarabu wa Magu, akateseka mikononi mwao. Alipotoka kwao alikwenda Bukumbi, karibu na Mwanza, akabisha hodi kwenye misioni ya Mapadri Weupe. Wakatekumeni, fikirini saa ile. Mapadri hao walikuwa wamewabatiza baadhi ya vijana waliochomwa Namugongo. Aliyesimama mlangoni ndiye aliyetoa amri. Hakuwa na askari tena, wala kiti, wala mali. Kumfukuza kulikuwa kazi rahisi kabisa. Wakampokea, wakampa mahali pa kukaa.

Tena katika Wakristu waliokimbilia Ankole alikuwamo Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Mwanga ndiye aliyeamuru mwili wake ukatwe wakati wa mateso. Nyonyintono aliwaongoza wakimbizi hao kumrudisha Mwanga, naye aliuawa vitani mwaka 1889, kabla mfalme hajaketi tena Mengo.

Ingekuwa vizuri kama habari ingeishia hapo. Lakini Wakristu walirudi na ushindi wao, wakagawana vyeo tena, Wakatoliki upande huu na Waprotestanti upande huu. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana wao kwa wao pale Mengo. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake, na kanisa la Wakatoliki la Rubaga likateketezwa. Hata miaka sita haikuwa imetimia tangu Wakatoliki na Waprotestanti walipokufa pamoja katika moto mmoja. Mwanga mwenyewe aliasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akashindwa, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waprotestanti kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.

Basi, ni nani aliyeijenga Eklezia ya Uganda? Ukitafuta matunda ya bunduki, utaona kanisa lililoungua na ndugu waliochukiana. Ukitafuta matunda ya wafiadini, nenda Namugongo kila tarehe 3 Juni ukahesabu mahujaji, kama utaweza. Bwana wetu Yezu Kristu, usiku ule alipokamatwa, alimwamuru Petro arudishe upanga mahali pake, kisha akaliponya sikio la mtu aliyekuja kumkamata. Petro alidhani anamtetea Bwana. Kumbe Bwana hakutaka kutetewa hivyo.

Wazee wa Kolwezi wanakumbuka vita vya mwezi wa Mei 1978, nao wanajua bunduki haiulizi jina la mtu. Mkatekumeni hana bunduki, lakini huenda moyoni mwake kuna mtu anayemngojea amlipe: mwenzake wa shimoni aliyemdhulumu gunia la mawe ya shaba, jirani aliyemsingizia uchawi, ndugu wa kanisa lingine aliyemtukana mbele ya watoto. Mambo hayo yana haki yake, na yapelekwe mbele ya wazee na wakubwa wa sheria yakakatwe. Lakini kisasi hakiingii katika maji ya Ubatizo. Anayetaka kubatizwa aulize kwanza: siku mtu yule atakapobisha hodi kwake akiwa hana kitu, atafungua?

Maswali ya kujibu

1. Mwanga aliwajibu waumini kwa njia tatu. Zitaje, useme kila njia ilizaa nini.
2. Kwa nini tendo la Bukumbi lilikuwa gumu kuliko vita?
3. Katika kijiji chako, ni ugomvi gani unaopaswa kumalizwa kabla ya sikukuu ya Pasaka? Nani aanze kwenda kwa mwenzake?