JUMATANO: Anayesinzia Ibadani

Soma Matendo 20:7–12. Usiku ule Eutiko alishindwa na usingizi, akaanguka kutoka dirishani. Paulo hakumkemea, alishuka akamkumbatia.

Mshiriki anayesinzia kila Sabato huhesabiwa kuwa amepoa kiroho, kumbe huenda anaugua. Wapo ambao koo huziba wakiwa usingizini: hukoroma sana, pumzi hukatika mara nyingi, nao huamka wamechoka hata baada ya kulala saa 8. Ugonjwa huu usipotibiwa huweza kupandisha shinikizo la damu. Daktari akiuthibitisha, tiba yaweza kuwa kupunguza uzito, kulala kwa ubavu, au mashine ya kusukuma hewa usiku. Kumwombea mgonjwa hakuondoi haja ya kumpeleka hospitali.

*Je, ni nani kanisani kwenu amehukumiwa kwa kusinzia? Mtamsaidiaje juma hili?*