Tunamuuliza mchinjaji, hatumuulizi mpasuaji

MIAKA michache iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Muleba. Binti yake aliunguzwa na koroboi utotoni, na kovu lilishika shingo hadi kidevuni, kiasi kwamba alikuwa hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza na mabega. Dada alisikia kuwa Bukoba mjini, ninakofundisha somo la dini, kuna daktari anayerekebisha makovu. “Ustadhi, wewe ndiye uliyesoma,” akaniambia. “Mpeleke mwanao.”

Nikampeleka. Tulimkuta mtu mwenye koti jeupe katika chumba cha kupanga, ukutani kuna vyeti vitatu ndani ya fremu. Alitutolea salamu ya Kiislamu, akamwita mpwa wangu “binti yangu”, na moyo wangu ukatulia. Mpwa wangu akaninong’oneza: “Mjomba, huyu amesomea wapi?” Nikamkanyaga mguu anyamaze. Nilijiambia kuwa kumhoji Muislamu mwenzangu ni dhana mbaya, na dhana mbaya ni dhambi.

Wiki mbili baadaye kidonda kilikuwa kimeoza. Hospitali tulikokimbilia, daktari aliuliza: “Nani alimpasua?” Mimi mwenye shahada ya chuo kikuu sikuwa hata na jina kamili la mtu yule. Niliporudi pale, mlango ulikuwa na kufuli. Alhamdulillah, binti alipona, lakini kovu lake leo ni kubwa kuliko la kwanza. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu hapo najiuliza: je, kumuuliza tabibu elimu yake ni kumdhania vibaya?

Ndugu msomaji, tazama tunavyoishi. Tukinunua nyama buchani tunauliza nani kachinja. Mposaji akija tunauliza ukoo wake na mwenendo wake. Lakini anayeshika kisu juu ya shingo ya mtoto wetu, huyo tunamuonea haya!

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (s.w.) anawaamuru waumini waandikiane madeni na waweke mashahidi. Hakuna aliyewahi kusema kuwa kuandikiana ni kumtukana anayekopa. Ikiwa shilingi zinataka shahidi, vipi mwili wa mwanadamu? Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, amefundisha kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Sasa atajulikanaje kama hakuna anayeuliza?

Waliotutangulia waliuliza. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mgonjwa mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akapiga marufuku utabibu kwa yeyote asiyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wanahistoria wametaja kuwa waliotahiniwa walizidi 800. Matabibu mashuhuri waliokwishajulikana hawakutakiwa kufanya mtihani huo, kwa sababu sifa zao zilikuwa wazi.

Leo njia ya kuuliza ipo. Tanzania Bara daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwombe jina lake kamili kama lilivyo kwenye vyeti na namba yake ya usajili, kisha ulizia kwenye Baraza au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Wala kuwa daktari si kuwa mpasuaji. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi chini ya uangalizi. Upasuaji ni masomo ya miaka mingine, na upasuaji wa kurekebisha maumbile ni ubingwa juu ya hayo. Cheti cha kuhudhuria semina hakishiki nafasi yake, hata kiwekwe katika fremu ya dhahabu.

Mahali napo paulizwe: pamesajiliwa? Nani atatoa dawa ya usingizi? Mambo yakiharibika tutakimbilia wapi? Oktoba 2024 jijini Nairobi mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini katika kliniki ya urembo, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Kwa hiyo hata wakazi wa miji mikubwa hawajasalimika.

Wapo watakaosema kuwa mabingwa ni wachache, Bugando na Muhimbili ni mbali, na maskini hana pa kuchagua. Ni kweli. Lakini kuuliza hakuna nauli. Na maskini ndiye mwenye haja zaidi ya kuuliza, maana akiharibiwa hana fedha za kurekebishwa mara ya pili.

Nimejihesabu nafsi yangu, nikaona kuwa siku ile sikuwa namlinda yule mtu asidhaniwe vibaya. Nilikuwa najilinda mwenyewe nisionekane mkorofi. Nikaiita aibu yangu husnu dhana, na gharama yake akailipa mtoto. Aliyeuliza swali la haki mle chumbani alikuwa binti, na aliyemnyamazisha ni mimi, mwalimu wake wa dini.

Daktari wa kweli hachukii kuulizwa, na anayechukia amekwishakujibu. Basi tuulize, na mtoto akiuliza, tusimkanyage mguu. Allah (s.w.) atusamehe tulipozembea na atupe uangalifu katika amana zake. Amin.