Kupaza Sauti na Kusemea

Katika darasa la tafsiri, vijana wangu hutatizwa na maneno mawili mafupi ya Kiingereza, speak up. La pili lina maana ya juu, nao huandika "sema juu", kisha wakacheka wenyewe. Kumbe Kiswahili kimepita njia iyo hiyo: kupaza ni kufanya kitu kipae. Tena katika lugha zote mbili usemi huu umetoka sikioni ukaingia katika dhamiri, kwani hutumika pia kwa mtu atamkaye jambo ambalo wenziwe wamelinyamazia.

Maana hiyo ya pili ilitiwa mizanini nchini Tanzania mwezi Machi 2009. Watu wenye ulemavu wa ngozi walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, hasa Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati machimboni na ziwani. Serikali ikawaita wananchi waandike kwa siri majina ya waliowashuku. Sauti haikupaa; karatasi ilishuka sandukuni.

Je, huko kulikuwa kupaza sauti? Yuko atakayekana, kwa kuwa neno lisilo na mwenyewe haliulizwi swali, na palipo na ugomvi wa mpaka wa shamba, chuki huandika jina kwa wepesi ule ule wa ukweli. Hofu hii siipuuzi. Usukuma umeona vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo moshi wa samadi jikoni watosha kuyaleta. Na mauaji ya namna hiyo huanzia katika jina lililonong'onwa.

Lakini tunacho kitenzi kingine. Kumsemea mtu ni kunena kwa niaba yake, ni pia kumshtaki kwa mkubwa, kama mtoto amwambiavyo nduguye, "Nitakusemea kwa mama." Mwenye karatasi alifanya yote mawili kwa jina moja: alimsemea jirani kwa serikali, akamsemea na marehemu asiyeweza kunena. Kwangu mimi, tendo lake lilikuwa nusu. Nusu ya pili ni baraza. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga na sasa ni ya Geita. Sidai kwamba kesi hiyo ilitoka sandukuni. Nasema tu kwamba mbele ya jaji aliyetajwa hupata nafasi ya kujibu.

Basi vijana wangu nawaagiza hivi: panapoonekana msemaji, waandike "kupaza sauti"; palipo na karatasi tu, waandike "kusemea", na msomaji aulize ni nani aliyesemewa.