Ruhusa ya Sheria na Haki ya Jirani Katika Mazishi

Huko Marekani, khasa katika majimbo ya Pennsylvania, Ohio na Indiana, wako Wakristo waitwao Waamishi. Asili yao ni Uswisi na Alsace, nao walijitenga na wenzao mwaka 1693 kwa kumfuata Jakob Ammann. Hupanda magari ya farasi, wala hawapendi mtu kujitukuza. Dini yao si yetu. Lakini katika mambo ya maiti wamewashinda baadhi yetu. Jeneza lao ni la mbao tupu, kaburi huchimbwa kwa mikono, na mhubiri hamsifu marehemu. Majirani huwakamia wafiwa ng'ombe wao na huwapikia. Na sisi tuna matanga yamfanyayo mfiwa akope ili awalishe waliokuja kumpa pole!

Watu huja kwa mamia, wakaketi pamoja na wafiwa nyumbani, na kwa kawaida huzika siku ya tatu. Umati huo si fahari. Wengi wao hawakati bima, na tangu sheria ya mwaka 1965 wengi wamesamehewa kodi ya malipo ya uzeeni, nayo malipo hayo hawayapokei. Bima yao ni jirani.

Ulipozuka ugonjwa wa korona mwaka 2020, serikali ya Ohio iliamrisha watu wakae majumbani, lakini mazishi haikuyakataza. Baadaye watafiti walihesabu matangazo ya vifo katika gazeti la Waamishi na ndugu zao Wamenno, wakaona kuwa vifo vya Novemba 2020 vilizidi maradufu ya kawaida. Hatusemi kuwa vyote vilitokana na mazishi, kwani watu hao hukutana arusini na ibadani pia.

Basi aliyeruhusiwa na sheria, je, ameondokewa na dhima? Sisi twasema, la. Serikali ilichelea kuingilia dini, na katika hilo hatuilaumu. Lakini haikusema kuwa umati hauna madhara. Ruhusa ya mtawala humwepusha mtu na faini tu. Haki ya mzee aliyeketi ubavuni pake iko pale pale.

Atasema mtu kuwa wao wamejisalimisha kwa Mungu. Lakini Sayyidna Umar, katika khabari ya tauni ya Amwas (mwaka 18 wa Hijria), alirudi njiani asiingie Shamu, na alipoulizwa kama aikimbia kadari, alijibu kuwa atoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari Yake. Nasi twajua kuwa kumkosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakitekeleza wachache, wote wamesalimika. Kenya ilipoweka mpaka wa watu 15 mazishini mwaka huo wa 2020, walikuwako walionung'unika kana kwamba nguzo ya dini imevunjwa, na hali kilichopungua ni hitima na sinia za pilau.

Ama Waamishi, jambo lao ni zito kuliko letu, kwani kwao kuhudhuria ndiko kusaidiana kwenyewe. Hata hivyo, ng'ombe aweza kukamwa na mtu mmoja alfajiri, chakula kikawekwa mlangoni, na kaburi likachimbwa na vijana wanne uwanjani penye upepo. Kinachodhuru ni kule kuketi ndani wamebanana. Mjane atakayekesha peke yake na jeneza atakuwa amepungukiwa kweli, wala hatuthubutu kumwambia kuwa hilo ni dogo.