Ameanguka au Imeanguka?

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, niliwakuta vijana wa kwaya wamezunguka simu moja chini ya mwembe, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ilikuwa video ya mashindano ya roboti yaliyofanyika Pomona, California, Juni 2015. Roboti mmoja alinyoosha mkono kushika kitasa cha mlango, akakamata hewa, akaenda chini mzima mzima kama mzigo wa kuni. Mwingine alitetemeka magoti, akalala kifudifudi. Bibi mmoja wa kikundi cha akina mama alichungulia begani mwao akasema, "Maskini, ameanguka!"

"Imeanguka, bibi," kijana mmoja akamsahihisha. "Ni chuma hiyo."

"Chuma gani kinatetemeka magoti?" Akaenda zake kutafuta mwavuli wake.

Walimu wa sarufi wanisamehe, lakini tangu siku hiyo niko upande wa bibi.

Wataalamu wana majina yao. Roboti wa miguu miwili ni bipedi na wa minne ni kwadrupedi, kwa Kilatini; akifikisha sita wanahamia Kigiriki, wanamwita heksapodi. Majina yote hayo yanahesabu miguu, basi. Kiswahili hakina haraka ya kuhesabu, kwanza kinatazama mtu anavyokwenda. Mtoto husimama dede, mzee hujikongoja, mlevi hupepesuka, mwizi hunyata. Na mwendo huo ukiuongezea silabi moja tu unapata mwenendo, yaani maisha yote ya mtu.

Hata hao wataalamu, wakishamaliza kuhesabu, hurudi kwenye mwendo. Wanajua roboti wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye uzito wake hautoki kamwe nje ya nyayo zake. Mwaka 1973, Profesa Ichiro Kato na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, walimtoa WABOT-1, aliyetembea hivyo. Hatua moja ilimchukua kama sekunde 45. Kwa muda huo unaweza kusali Baba Yetu bila haraka mpaka Amina, naye bado hajamaliza kuushusha mguu. Miaka ya 1980 ilipofika katikati, maabara hiyohiyo ilikuwa na miguu inayopiga hatua kwa muda wa sekunde moja na kitu. Kubwa walilojifunza ni kuuachia uzito utangulie: mwili unaanza kuanguka mbele, na mguu unauwahi.

Huyo ndiye wa aina ya pili, na ndivyo tunavyotembea wewe na mimi. Jaribu leo. Simama wima, inamia mbele kuanzia vifundoni bila kukunja kiuno. Utafika mahali ambapo huna budi kuutoa mguu.

Aliyelifikisha jambo hili mwisho wake ni Mmarekani Marc Raibert. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitengeneza roboti wa mguu mmoja tu. Mguu mmoja, mwembamba kama fimbo! Kusimama hakuweza hata kidogo. Asiporuka anaanguka, kwa hiyo akawa anaruka muda wote. Kilichomfanya abaki wima kilikuwa hesabu chache kuhusu kimo cha kuruka, mwili kukaa sawa, na mahali pa kuuweka mguu. Hapo pa mguu ndipo niliposoma mara mbili. Akisukumwa kuelekea kulia, mguu nao unapelekwa kulia, palepale anakoangukia. Mimi ningeuvuta upande wa pili.

Na ndivyo tunavyofanya wengi. Kuna baba mmoja ambaye miaka miwili iliyopita alikopa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, akashindwa kurudisha. Hakuna aliyemfukuza. Lakini Jumapili hapiti tena njia ya kanisani, huzunguka kwa kule kwenye mashine ya kusaga, na akinikuta sokoni anajifanya anapokea simu. Hajaanguka tena, ni kweli. Uzito wake wote ameubana juu ya nyayo. Ila nikimtazama namwona WABOT-1 kabisa, mguu mmoja hewani, mwaka wa pili huu.

Yakobo naye alikuwa na deni kwa ndugu yake, tena la kumwibia baraka. Usiku ule kwenye kivuko cha Yaboki aliteguka nyonga, akatoka pale anachechemea. Anayechechemea ana kila sababu ya kugeuka arudi kwa mkwewe. Yeye aliuweka mguu upande uleule aliokuwa akiuogopa, kwa Esau, akienda na kuinama, mara saba, na Esau ndiye aliyekimbia kumlaki.

Mnaouliza aliyeshinda kule Pomona, ni Hubo wa Korea Kusini. Alimaliza kazi zote nane kwa dakika 44 na sekunde 28, na sehemu kubwa ya njia aliipita akiwa amepiga magoti. Mhubiri aliyemo ndani yangu aliruka kwa furaha, mahubiri nusu yalikuwa tayari! Kumbe magotini mwake aliwekewa magurudumu, na aliyepiga magoti hapepesuki. Si uchaji, ni ufundi. Nimeyaacha mahubiri hayo.

Jumatano, tulipomaliza mazoezi ya kwaya, nilimwita yule kijana aliyemsahihisha bibi. Nikamwonyesha kipande ambacho hawakukifikia: roboti mwekundu, CHIMP, aliyetengenezwa Carnegie Mellon, mwenye minyororo ya tingatinga mikononi na miguuni. Amejikwaa mlangoni, yuko chini. Wenzake wote walioanguka waliinuliwa na watu. Huyu hakuguswa. Anavuta mkono mmoja taratibu, anausogeza mguu chini ya tumbo, anatulia, anajaribu tena. Inachosha kutazama. Kijana aliacha kucheka, akaisogeza simu karibu na uso wake.

"Mchungaji," akasema, "ameinuka!"

Bibi hakuwapo kumsikia.